Jambia la Bwana Harusi: Nani Hulipa Gharama ya Heshima?

Familia inayojiandaa kuozesha haina haja ya kutoka nje ya Kariakoo. Kanzu, joho la darizi, kilemba, vito vya bibi harusi na mapambo ya ukumbini, vyote vinapatikana kwa mwendo wa miguu kati ya Msimbazi, Uhuru na Lumumba. Miongoni mwa mavazi hayo ya siku moja lipo jambia: kisu kilichopinda, ala yake imejikunja, mkanda wake unameta. Bwana harusi hulivaa mbele, juu ya kitovu. Huenda nalo kuozwa, hupiga nalo picha akiwa na wapambe wake, na kama lilikodiwa, siku ya pili linarudi dukani. Hakuna anayetarajia kumwona akilichomoa.

Hapo ndipo penye swali. Kwa nini silaha isiyokusudiwa kupigana impe mtu heshima? Heshima hiyo ilianzia wapi, nani aliruhusiwa kuwa nayo, na imepitia njia gani hata kijana wa Kariakoo akaweza kuivaa leo na kuirudisha kesho? Wapo wanaolijibu swali hili kwa neno "utamaduni", wakafunga mjadala. Jibu hilo halitoshi. Ukilifuata jambia tangu kasri za Unguja hadi vibanda vya sokoni, utaona jambo moja likijirudia: kila palipokuwa na jambia la fahari, palikuwa na mwingine aliyelilipia, na mara nyingi hakuwa yule aliyelivaa. Kuijua gharama hiyo ndiko kutakakotuwezesha kuamua tulivae vipi sasa.

Silaha iliyotengenezwa ili isomwe

Tulitazame kwanza kwa karibu. Jambia la Kiomani, ambalo ndilo asili ya majambia ya harusi za pwani yetu, lina ubapa mfupi wa chuma uliopinda, wenye uti katikati. Ubapa huo ndio sehemu inayoweza kuua, na ndiyo sehemu inayofichwa. Kazi yote ya urembo imewekwa kwenye mpini, ala na mkanda. Mpini umebanwa katikati na kupanuka juu na chini, nao hupambwa kwa bamba la fedha au kwa vichwa vya misumari midogo ya fedha. Ala hujikunja karibu pembe mraba. Sehemu ya juu imevikwa ngozi na kutariziwa nyuzi za fedha, na ncha yake imefunikwa kwa fedha iliyochorwa maua na mistari. Katikati zipo pete zinazoshika mkanda, na nyuma ya ala huchomekwa kisu kidogo cha kazi za kila siku.

Vitu hivyo vyote vilikuwa na maana kwa macho yaliyozoea. Majambia ya Nizwa, ya Sur na ya Batina hayafanani. Majambia mengi huwa na pete nne, lakini lile la Kisaidi, la ukoo wa kifalme wa Al Busaid, lina pete saba, na mapokeo ya Oman yanalihusisha umbo lake na Shahrazad, mke wa Kiajemi wa Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Unguja. Yemeni nako mahali pa kuvalia palitosha kumtambulisha mtu: mtu wa kabila alivaa jambia lake limesimama katikati ya tumbo, ilhali masayyid na makadhi walivaa la aina nyingine, lililoelekea upande wa kulia. Mtu alipokuja kwa mbali, kabla ya salamu mwenyeji alikwisha kujua anatoka wapi, ni wa ukoo gani na ana uwezo gani.

Lugha hiyo iliandikwa na mafundi. Mhunzi alifua ubapa, fundi wa ngozi akashona mkanda, sonara akafanya kazi ya fedha. Fedha yenyewe mara nyingi ilitokana na sarafu: reale za Maria Theresa zenye mwaka 1780, zilizozagaa katika biashara ya Bahari Nyekundu, Ghuba na pwani yetu, zilitumika sokoni na pia ziliyeyushwa kwa ajili ya mapambo. Mwenye jambia basi alitembea na akiba yake kiunoni, na kila mtu aliweza kuikadiria. Ukiona vyaelea, vimeundwa, na zama hizo aliyeviunda alijulikana na alilipwa.

Karafuu na kiuno cha bwana

Lakini fundi hulipwa kwa fedha iliyotoka mahali. Sayyid Said bin Sultan alihamishia makao yake Unguja katika miaka ya 1830, na kisiwa kikawa kitovu cha biashara ya pembe za ndovu, watumwa na karafuu. Mwaka 1833 alitia saini mkataba wa biashara na Marekani. Mwaka 1840 meli yake, Sultana, ikiongozwa na Ahmad bin Naaman, ilitia nanga New York ikiwa na zawadi kwa rais wa nchi hiyo, zikiwemo farasi, lulu na upanga uliopambwa kwa dhahabu. Silaha nzuri ilikuwa lugha ya dola kwa dola: aliyetuma upanga wa dhahabu alikuwa anasema kwamba vita anaviweza, lakini leo amechagua urafiki.

Ndani ya Unguja, lugha hiyo hiyo ilitumika kutenganisha watu. Mavazi yalikuwa sheria isiyohitaji kuandikwa. Bwana alivaa kanzu, joho, kilemba, viatu, na silaha kiunoni. Mtumwa alizuiwa kufunika kichwa na kuvaa viatu. Kwa hiyo jambia lilisomwa kwa kulinganishwa na kiuno kitupu cha mtu aliyesimama jirani. Karafuu za Unguja na Pemba zilichumwa na watumwa, na pembe za misafara zilibebwa mabegani mwa watu wa bara. Fedha iliyong'aa katika ala ilipitia mikononi mwao na haikubaki kwao.

Biashara ya watumwa kwa njia ya bahari ilipigwa marufuku kwa mkataba ambao Sultan Barghash bin Said alilazimishwa na Waingereza kuutia saini mwaka 1873, na utumwa wenyewe ukafutwa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897. Mwanahistoria Laura Fair ameonyesha kwa kina kilichofuata: watu waliokuwa watumwa walikimbilia mavazi waliyokuwa wamenyimwa. Wanawake walivaa kanga, wanaume kanzu na kofia. Hawakuwa wanamwiga bwana bila fikra. Walikuwa wanadai hadharani haki ya kuonekana watu huru. Kanzu iliwezekana kwa sababu kitambaa kilinunulika. Jambia la fedha halikununulika, kwa hiyo kizuizi cha sheria kilipoondoka, kizuizi cha mali kilibaki palepale.

Si jambo la Waarabu peke yao

Mtu asidhani kwamba heshima ya silaha isiyopigana ililetwa na jahazi. Huko Karagwe, karibu na Ziwa Viktoria, Mfalme Rumanyika, aliyemkaribisha mpelelezi Mwingereza Speke mwaka 1861, alikuwa na hazina ya kifalme yenye mikuki ya fahari, nyundo, na ng'ombe waliofuliwa kwa chuma. Kaskazini mashariki ya Kongo, Wamangbetu walibeba visu vilivyopinda kama mundu, vyenye mipini ya pembe za ndovu. Wakuba wa Kasai wana kisu kiitwacho ikul, ambacho mapokeo yao yanasema kilichukua nafasi ya silaha ya vita wakati wa Mfalme Shyaam, aliyetaka amani. Hata Jamhuri yetu ina mkuki katika Nembo ya Taifa, pamoja na shoka na jembe, na rais anapoapishwa hukabidhiwa mkuki na ngao.

Ulaya nayo ina kisa kinachofanana na chetu kwa namna ya kushangaza. Katika Uswisi ya karne ya 16, mwanamume mwenye nafasi alivaa kisu kifupi chenye ala ya fedha au ya shaba iliyopakwa dhahabu. Ala hiyo ilichongwa picha: Wilhelm Tell, visa vya Biblia na vya Roma ya kale, au Ngoma ya Mauti, ile picha ya mifupa inayowachukua wafalme na maskini bila kubagua, ambayo ilitokana na michoro ya Hans Holbein Mdogo, msanii aliyefanya kazi Basel. Ala hiyo nayo ilichomekwa kisu kidogo cha kazi za kawaida, kama ilivyo kwa jambia la Oman.

Pesa ya visu hivyo ilitoka wapi? Kwa sehemu kubwa ilitokana na vijana wa milimani waliokodishwa kupigana vita vya wafalme wa Ufaransa, vya mapapa na vya watawala wengine. Wakubwa wa miji walipokea posho kutoka kwa wafalme hao, na vijana walipokea mauti: mwaka 1515, huko Marignano, Waswisi walikufa kwa maelfu. Huldrych Zwingli, kasisi aliyefuatana na majeshi hayo, alirudi akahubiri dhidi ya biashara ya kukodisha damu, na mji wa Zürich ukaipiga marufuku mwaka 1522. Alikuwa ameuliza swali letu hili, kwamba nani amelipia dhahabu iliyo kiunoni mwa bwana, na alikuwa na ujasiri wa kulijibu kanisani.

Kisa hicho kina sura nyingine. Mwaka 1933, wafuasi wa Hitler walichukua umbo la kisu hicho cha Uswisi wakakifanya kisu cha sare zao. Pambo la kale halikuweza kujitetea. Anayedhani kitu cha jadi hubaki na maana njema kwa kuwa ni cha jadi, na aukumbuke mfano huo.

Mlango ulipofunguka na faru akalipa

Mfano ulio karibu zaidi na sisi ni wa Yemeni, na ndio unaouma zaidi, kwa kuwa gharama yake ilitozwa katika mbuga zetu. Huko, mpini uliothaminiwa kuliko yote ulikuwa wa pembe ya faru, ambayo kadiri inavyoshikwa miaka na miaka hupata mng'ao wa pekee. Kwa karne nyingi mpini huo ulikuwa wa matajiri tu, na faru waliouawa kwa ajili yake hawakuwa wengi.

Baada ya bei ya mafuta kupanda mwaka 1973, vijana wa Yemeni ya Kaskazini walikwenda kwa wingi kufanya kazi Saudi Arabia, wakarudi na pesa. Walitaka walichokuwa wamenyimwa baba zao, na nani angewalaumu? Kwa mara ya kwanza kijana wa kawaida aliweza kununua jambia la mpini wa faru. Soko la mji wa Sanaa likawa mnunuzi mkubwa wa pembe kutoka Afrika Mashariki, biashara ambayo mtafiti Esmond Bradley Martin, aliyeishi Nairobi, aliifuatilia kwa miaka mingi. Mwaka 1970 faru weusi barani Afrika walikadiriwa kuwa karibu 65,000. Katikati ya miaka ya 1990 walikuwa wamebaki chini ya 2,500. Soko la dawa la Asia lina sehemu yake katika hesabu hiyo, lakini jambia lina yake, na si ndogo.

Hatua zilichukuliwa. Biashara ya kimataifa ya pembe za faru ilipigwa marufuku na mkataba wa CITES mwaka 1977, Yemeni ya Kaskazini ikazuia uingizaji wake mwaka 1982, na mwaka 1992 mufti wa Yemeni akatoa fatwa ya kukataza kuua faru kwa ajili ya mipini. Tanzania iliendesha Operesheni Uhai mwaka 1989 hadi 1990 kupambana na majangili. Mafundi wa Sanaa walihamia pembe za nyati wa Asia na plastiki.

Funzo lake ni zito. Kuwafungulia watu wote mlango wa heshima ni jambo jema, lakini kama kitu kinachobeba heshima hiyo ni kilekile, kilichokuwa adimu kitamalizwa. Haki ya kijana wa Yemeni ilikuwa haki kweli, na faru waliokufa walikufa kweli. Mambo hayo mawili yanabebwa pamoja.

Kariakoo na heshima ya kila mtu

Sasa turudi Dar es Salaam. Mji huu ulianzishwa na Sultan Majid bin Said katika miaka ya 1860, lakini Kariakoo haikuwa mtaa wa masultani. Mahali hapo palikuwa kambi ya wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, kisha pakawa mji wa Waafrika: Wazaramo wenyeji, Wamanyema waliotoka mashariki ya Kongo kwa njia ya misafara, Wanyamwezi, Wangoni, na wengine wengi, pamoja na Washihiri, Waarabu wa Hadhramaut, wenye maduka. Baadhi ya familia za Kimanyema ambazo babu zao walifika pwani wakiwa wapagazi au watumwa zilijenga nyumba hapa, zikapangisha na zikajenga msikiti unaoitwa kwa jina lao. Watu waliobeba pembe kwa ajili ya fahari ya wengine wakawa wenye mji.

Watu hao walijua kujitengenezea heshima. Ngoma ya beni, ambayo mwanahistoria Terence Ranger aliichambua katika kitabu chake cha 1975, iligawa vijana wa miji ya pwani na bara katika vyama vya Marini na Arinoti. Walishona sare, wakapeana vyeo vya kijeshi na vya kifalme, wakashindana kwa gwaride na karamu. Serikali ya kikoloni haikuwapa vyeo, wakajipa wenyewe. Jambia la bwana harusi wa Kariakoo lisomwe ndani ya historia hiyo. Baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya 12 Januari 1964 jambia halikuwa tena vazi la utawala visiwani, na bara halikuwahi kuwa vazi la serikali huru. Lilipokosa kiti cha enzi, lilipata mlango wa harusi. Siku hiyo moja mtoto wa fundi seremala, wa dereva au wa mama lishe anavishwa kama mfalme, mbele ya watu wake, na hakuna anayemuuliza ukoo.

Wakosoaji wa desturi hii ni wa pande mbili. Wa kwanza wanasema: hili ni vazi la bwana wa watumwa, iweje mjukuu wa mtumwa alivae? Hoja hii si ya kupuuzwa, kwa maana ubwana huo ulikuwepo na maumivu yake hayajaisha. Lakini inasahau yaliyotokea baada ya 1897. Waliovaa kanzu na kofia baada ya kuachwa huru walizichukua alama za bwana wakazivunja nguvu, kwa kuwa alama ya ubaguzi hufa pale inapovaliwa na kila mtu. Jambia la Kariakoo limemaliza kazi ambayo kanzu iliianza.

Wa pili wanasema: hili si jambia, ni bati lililopakwa rangi, linashusha hadhi ya jadi. Hawa wanapenda ufundi, na katika hilo niko nao. Ila wanakosea wanapomlaumu mvaaji. Kumwambia kijana anunue jambia la fedha halisi au aache ni kukirudisha kile kizuizi cha mali. Isitoshe, pambo la bati halijaua faru wala halijafanya mtu mtumwa. Kwa kipimo cha gharama tulichokifuata tangu Unguja hadi Sanaa, ndilo jambia lenye hatia ndogo kuliko yote.

Ndogo, si sifuri. Jambia la kiwandani, linaloingia ndani ya kontena pamoja na maua ya plastiki na taa za ukumbini, limemwondoa mtu mmoja katika mnyororo: fundi. Zamani mtumwa ndiye aliyelipa na sonara akapata riziki. Leo hakuna mtumwa, na sonara hana kazi. Ujuzi wa kusuka nyuzi za fedha, wa kuchonga maua juu ya bamba jembamba, wa kukunja ala bila kuivunja, haupatikani kwa kusoma. Hupita mkononi kwa mkono, na kizazi kimoja kikikosa wateja, umekatika.

La kufanya

Oman imeliona hilo mapema. Jambia limo katika bendera yake tangu 1970, na mwaka 2022 ufundi wake na desturi za kulivaa viliandikishwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa wanadamu usioshikika. Hatuhitaji kuiga bendera. Tunaweza kuiga uangalifu.

Kwanza, familia za Dar es Salaam, Tanga, Bagamoyo, Unguja na Lamu zenye majambia ya zamani ziyapige picha na kuandika yalivyofika mikononi mwao, kabla ya kuyauza kwa wapita njia. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, lakini sheria haiwezi kulinda kisichojulikana kipo. Pili, makumbusho zetu ziyaonyeshe majambia hayo pamoja na habari za karafuu, pembe na watu waliozibeba, si kama vito vya wafalme tu. Mtoto wa shule anayetazama ala ya fedha ana haki ya kujua fedha hiyo ilitokana na jasho la nani.

Tatu, na hili ndilo lililo ndani ya uwezo wa Kariakoo yenyewe, wenye maduka ya harusi wawarudishe mafundi kazini. Nchi yetu ina dhahabu, ina vito, na ina Kituo cha Jemolojia Arusha kinachofundisha kazi za vito. Wapo mafundi wa fedha na shaba Unguja, na hata Lamu huko Kenya. Jambia la kukodi ndilo hasa linalofaa kutengenezwa vizuri, kwa sababu halilipiwi na mtu mmoja. Likivaliwa na mabwana harusi wengi kwa miaka mingi, kila mmoja akatoa kiasi anachokiweza, gharama ya fundi inarudi bila kumfungia yeyote nje. Mpini uwe wa mpingo uliopatikana kihalali au wa pembe ya ng'ombe, ubapa uwe butu, na jina la aliyelitengeneza lichongwe ndani ya ala.

Jambia la namna hiyo litakuwa la kwanza katika historia hii ndefu ambalo mvaaji, fundi na mtazamaji wote wana sehemu ya heshima yake, na hakuna aliyenyang'anywa kitu ili ling'ae. Biashara ya kukodisha ipo tayari, wateja wapo kila wikiendi, na mafundi wenye ujuzi bado wako hai. Kinachosubiriwa ni mwenye duka mmoja wa kuagiza la kwanza.